Mwenye Kiwanja, Mjenzi na Mwuzaji

Ewe msomaji, upitapo katika mji mkubwa ukaona safu ndefu ya nyumba zilizojengwa kwa namna moja, yamkini wajiuliza ni tajiri gani aliyeweza kuzisimamisha zote. Mara nyingi hapakuwako tajiri wa namna hiyo. Alikuwako mtu mwenye ardhi lakini hana fedha. Na mwingine mwenye fedha lakini haijui kazi ya ujenzi. Walikuwako waashi na maseremala wenye ujuzi, lakini hawakuwa na kiwanja hata cha kusimamisha kibanda. Tena alikuwako mtu wa maneno mazuri ambaye hakuwa na lolote katika hayo matatu, ila aliwajua wanunuzi na wanunuzi walimsikiliza. Watu hawa waliungana, kila mmoja akatia alichokuwa nacho, wakaandikiana mkataba. Muungano wa namna hii huitwa ubia, na walioungana huitwa wabia.

Ubia wa kujenga nyumba haufanani na ubia wa duka. Dukani sukari hununuliwa leo, ikauzwa kesho. Nyumba huchukua miezi mingi, na pengine miaka, kabla ya kumpata mwenyewe. Na muda wote huo fedha hutoka wala haziingii. Kodi ya kiwanja hudaiwa, riba ya mkopo huongezeka, na mafundi hungoja ujira wao kila mwisho wa juma. Faida ikija, wabia hugawana huku wakicheka, na ni mara chache wagombane sana. Lakini nyumba zisiponunuliwa, hasara itamwangukia nani? Hilo ndilo swali linaloupima ubia, nasi tutalifuata katika historia ya mji wa London, huko Uingereza, kwa muda wa karibu miaka mia mbili. Huko twaweza kuona wazi namna swali hili lilivyojibiwa, mara kwa hila, mara kwa ujasiri uliopita kiasi, na mara kwa busara.

Katika karne ya 17, ardhi nyingi iliyouzunguka mji wa London ilikuwa mikononi mwa wakuu wenye vyeo. Wengi wao hawakuweza kuiuza kwa urahisi, kwa kuwa ilifungwa na hati za ukoo ili ipokewe na mtoto kutoka kwa baba. Hata hivyo walikuwa na haja ya mapato. Basi ukatokea utaratibu ambao uliubadilisha mji huo mzima. Mwenye ardhi alimpa mjenzi kiwanja kwa muda wa miaka mingi, kwa kodi ndogo ya kila mwaka. Mjenzi alijenga kwa gharama yake mwenyewe, akaipangisha nyumba au akaiuza haki yake ya miaka iliyobaki. Muda ulipokwisha, ardhi na nyumba zote zilirudi kwa mwenye ardhi au warithi wake. Earl wa Southampton alianza kuvigawa viwanja vyake vya Bloomsbury kwa njia hii mnamo mwaka 1661. Mikataba yake ilikuwa ya miaka 42. Baadaye desturi ikawa miaka 61, na mwisho miaka 99.

Utaona jambo la ajabu katika mikataba hiyo. Mwaka wa kwanza, na pengine hata wa pili, mjenzi alitozwa kodi ya punje moja tu ya pilipili manga. Usicheke, kwani punje hiyo ilikuwa na maana. Sheria ilitaka pawe na malipo fulani, hata yakiwa madogo namna gani, ili mapatano yapate nguvu. Lakini mwenye ardhi naye alijua kwamba mtu aliye katikati ya kujenga hana pato, na kwamba kumkamua wakati huo ni kumkamua ng'ombe aliye na mimba. Basi alikubali kungoja pamoja naye.

Hata hivyo, tusimsifu mwenye ardhi kupita kiasi. Alichotia ni ardhi, na ardhi haikimbii. Mjenzi akifilisika katikati ya kazi, kiwanja hubaki palepale pamoja na kuta zilizokwisha simama, na mwenyewe hutafuta mjenzi mwingine. Katika ubia huu yeye ndiye aliyekaa mahali pa salama kuliko wote. Kwa hiyo, hasara ilikuwa ikitafuta mlango mwingine.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba, 1666, moto ulizuka katika nyumba ya mwoka mikate mmoja kwenye njia iitwayo Pudding Lane. Ulipozimika baada ya siku chache, nyumba zipatazo 13,200 na makanisa ya mitaa 87 yalikuwa yameteketea. Mwaka uliofuata Bunge lilitoa sheria kwamba nyumba mpya zijengwe kwa matofali au mawe. Sheria hiyo ilizipanga nyumba katika daraja nne, ikataja unene wa kuta za kila daraja. Ilikusudiwa kuzuia moto, lakini ilileta na jambo jingine: nyumba zilianza kufanana, na kitu kinachofanana na kingine huweza kutengenezwa kwa wingi na kuuzwa kwa wingi.

Aliyeitambua nafasi hiyo upesi kuliko wenziwe ni Nicholas Barbon. Alikuwa amesomea utabibu huko Uholanzi, lakini kazi ya dawa haikumshika. Aliona kwamba majumba makubwa ya zamani yaliyokuwa kando ya barabara ya Strand yangeweza kuleta faida zaidi yakivunjwa kuliko yakiachwa. Katika miaka ya 1670 alilinunua jumba la Essex House, akabomoa sehemu yake kubwa, akachora njia, akaigawanya ardhi katika viwanja vyembamba. Viwanja hivyo aliwapa mafundi kwa bei iliyohesabiwa kwa futi za upande unaoelekea njia. Kwa nini vyembamba? Kwa sababu upande wa njia ndio uliokuwa na bei, na kadiri viwanja vilivyokuwa vyembamba, ndivyo vilivyoingia vingi katika njia moja.

Barbon hakuwa na fedha za kutosha kwa mambo hayo yote. Aliweka rehani haki yake katika kazi ya kwanza ili aanze ya pili, akaweka rehani ya pili ili aanze ya tatu. Mwanasheria mmoja aliyeitwa Roger North, ambaye alimjua vizuri, aliandika habari zake. Asema kwamba wadai walipomjia juu, Barbon aliwaita wote mahali pamoja, akachelewa kufika, kisha akaingia amevaa mavazi ya fahari kama mkuu wa ikulu. Aliwaacha wafoke mpaka wachoke. Baada ya hapo alisema nao kwa upole, akawaonyesha faida itakayokuja, hata baadhi yao wakatoka pale wakiwa wamekubali kuingia naye katika shauri jipya. Wale waliokwenda mahakamani aliwaacha waende, maana alihesabu kwamba gharama za kesi ni nafuu kuliko riba ya mkopo.

Je, hasara ilimwangukia nani? Iliwaangukia watu wadogo. North aeleza pia kwamba nyumba ambazo Barbon alizijenga Mincing Lane zilianguka kwa sababu matao ya chini yalijengwa vibaya. Mafundi na wauza vifaa walikuwa wakimdai siku zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1680, yeye na wenzake walianzisha ofisi ya bima ya moto, mojawapo ya ofisi za kwanza za namna hiyo duniani. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba hakujua hasara ni kitu gani. Alijua sana, hata akaifanya biashara. Lakini alipofariki mwaka 1698, wasia wake uliagiza kwamba madeni yake yasilipwe. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la Barbon lilikuwako, ila limejaa fedha za wengine.

Tuwatazame sasa mafundi wenyewe, kwa kuwa habari zao husahauliwa upesi. Katika karne ya 18 sehemu kubwa ya London ilijengwa na ubia wa mafundi wadogo. Mwashi alichukua kiwanja kimoja, seremala akachukua cha pili yake, mpiga lipu akachukua cha tatu. Hapakuwa na fedha za kulipana, basi walilipana kwa kazi. Mwashi alizisimamisha kuta za nyumba ya seremala. Seremala naye akatia sakafu na paa katika nyumba ya mwashi. Fundi wa vioo na fundi wa risasi walifanya kazi katika safu yote, na pengine ujira wao ukawa haki ya nyumba moja. Nyumba yenyewe haikumalizika. Ilijengwa gofu tu, yaani kuta, sakafu na paa, kisha ikatafutiwa mnunuzi. Mnunuzi wa kwanza ndiye aliyetoa fedha za kumalizia ndani kama apendavyo.

Ubia huu ulikuwa na uzuri wake. Mtu asiye na kitu ila mikono yake na mfuko wa zana aliweza kuwa mwenye nyumba ya kupangisha. Kila mmoja aliikagua kazi ya mwenziwe, kwa kuwa alijua kwamba ukuta mbovu wa jirani ni hatari kwa ukuta wake. Lakini ulikuwa na udhaifu mkubwa. Punje ya pilipili manga ilikuwa na siku zake. Muda wa nafuu ulipokwisha kabla mnunuzi hajatokea, kodi kamili ilianza kudaiwa, na mafundi hao hawakuwa na akiba. Mmoja wao akianguka, kazi aliyowaahidi wenziwe ilianguka pamoja naye. Paa lililongojewa halikuja, na mvua ikanyesha ndani ya gofu la mwashi ambaye hakuwa na kosa lolote.

Basi huenda ukasema: dawa ni kuwa na wabia wanaoaminiana kabisa, tena wenye elimu na mali. Ngoja kwanza usikie habari ya ndugu wanne waliotoka Scotland: John, Robert, James na William Adam. Baba yao alikuwa msanifu wa majengo, nao walirithi ujuzi wake. Robert alikuwa mmoja wa wasanifu mashuhuri kuliko wote katika Ulaya ya siku zile. Walikuwa na shirika lao lililohusika na matofali, mbao na mawe. Mwaka 1768 walipatana kukodi ardhi kando ya mto Thames kutoka kwa Duke wa St Albans, kwa muda wa miaka 99, kwa kodi ya pauni 1,200 kila mwaka. Mahali hapo waliamua kupaita Adelphi, neno la Kiyunani lenye maana ya ndugu.

Shauri lao lilikuwa la fahari. Ardhi ile ilikuwa mteremko wenye matope ulioelekea mtoni. Ndugu hao walikusudia kujenga matao makubwa ya matofali ili kuusawazisha mteremko, na juu ya matao hayo kusimamisha nyumba nzuri zinazoutazama mto. Matao yale ya chini yangekuwa maghala, na walitumaini kwamba serikali ingeyakodi. Palikuwa na ubishi juu ya ukingo wa mto, maana wakuu wa jiji walidai kuwa mto ni wao. Lakini mwaka 1771 Bunge liliwapa ndugu hao sheria ya kuwaruhusu. Husimuliwa kwamba walileta vibarua kutoka Scotland waliofanya kazi huku wakipigiwa zumari za kwao, mpaka vibarua hao walipotambua kuwa ujira wao ni mdogo kuliko wa watu wa London, wakaiacha kazi.

Ukiutazama ubia huo juu juu, haukukosa kitu. Msanifu, mjenzi, mwuza matofali na mwuza nyumba walikuwa ni watu wa damu moja. Lakini hiyo ndiyo iliyokuwa hatari yake. Kila hasara ambayo ingeweza kugawanywa kati ya watu mbalimbali ilikuwa imewekwa katika kapu moja. Tena sheria ya siku hizo ilimfanya kila mbia awe mdaiwa wa deni zima kwa mali yake yote. John, aliyekuwa mkubwa wao na mwenye shamba la ukoo liitwalo Blair Adam huko Scotland, aliliingiza shamba hilo katika hatari ya nyumba zilizokuwa zikijengwa mbali sana na mlango wake.

Pigo la kwanza lilikuja na maji. Matao yalikuwa chini mno; maji ya bamvua yalipopanda mtoni yaliingia ndani, na serikali haikutaka kuweka baruti mahali penye unyevu. Mpangaji waliyemtumaini hakuwa amewekeana nao mkataba wowote, nao hawakuwa na la kumdai. Pigo la pili lilitoka benki. Mwezi wa Juni, 1772, mwenye benki mmoja wa London aliyeitwa Alexander Fordyce alikimbia nchi kwa sababu ya madeni. Hofu ikaenea, na mwezi huo huo benki ya Ayr huko Scotland ikasimamisha malipo. Wakopeshaji wote wakataka fedha zao kwa siku moja. Mwanafalsafa David Hume, aliyekuwa rafiki wa ndugu hao, alimwandikia Adam Smith kwa masikitiko kwamba watalazimika kuwaondoa kazini watu 3,000, na kwamba yeye siku zote aliliona shauri la Adelphi kuwa halina busara.

Tafakari idadi hiyo, msomaji. Watu 3,000 hawakuwa wabia. Hawakutia sahihi katika mkataba wowote, wala hawakuahidiwa sehemu ya faida. Lakini siku hasara ilipokuja, walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuilipa. Msanifu aliyefilisika hubaki na jina lake na marafiki wenye vyeo; kibarua aliyeondolewa kazini hubaki na njaa ya watoto wake.

Ndugu hao walijinasua kwa njia isiyo ya kawaida. Mwaka 1773 walipata sheria ya Bunge iliyowaruhusu kuziuza nyumba zao kwa bahati nasibu. Tiketi zilikuwa 4,370, kila moja kwa pauni 50, yaani pauni 218,500 kwa jumla, na bahati nasibu hiyo ilichezwa mwaka 1774. Hivyo waliokoka, ila ile faida kubwa waliyoiota haikuonekana tena. Nyumba zenyewe zilipata wapangaji wa sifa. Mwigizaji mashuhuri David Garrick aliishi hapo tangu mwaka 1772 hata kufa kwake mwaka 1779. Safu ile iliyoutazama mto ilibomolewa mwaka 1936.

Mpaka hapa tumesema machache juu ya mwuzaji, naye ni mbia wa namna yake. Katika London ya karne ya 18, nyumba nyingi zilinadiwa kwenye nyumba za kahawa, na hasa Garraway's, mahali wafanyi biashara walipokutana. Baadaye kazi ya kunadi iliwatajirisha madalali wakubwa. Aliyevuma kuliko wote katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 ni George Robins, ambaye matangazo yake yalijaa maua ya maneno. Husimuliwa kwamba alipokuwa akisifu nyumba moja alisema ina kasoro mbili tu: uchafu wa majani ya waridi na kelele za ndege waimbao usiku.

Dalali hulipwa sehemu ya bei. Kwa hiyo bei ikipanda hufurahi pamoja na mwenye nyumba, na nyumba isipouzwa hupoteza muda wake. Lakini nyumba ikiisha kuuzwa, kisha paa likavuja, dalali hayupo. Ulimi wake unanolewa na malipo yake: akilipwa siku mnunuzi anapoahidi, atakusanya ahadi, akilipwa siku mnunuzi anapomaliza kulipa, atatafuta wanunuzi wenye uwezo wa kweli. Mkataba mzuri humpa mwuzaji sababu ya kusema kweli, wala hauutegemei uchaji wake peke yake.

Sasa tumtazame mtu aliyelijibu swali letu kwa namna bora zaidi. Thomas Cubitt alizaliwa mwaka 1788 katika jimbo la Norfolk. Alikuwa seremala, na ujanani alisafiri hadi India akiwa seremala wa meli. Mnamo mwaka 1815 alipewa kazi ya kujenga jumba la London Institution, nayo ilikuwa na siku yake ya kumalizika. Aliona taabu kubwa kuwategemea mafundi wa kujitegemea, kila mmoja akija na kuondoka kwa wakati wake. Basi akanunua ardhi katika barabara ya Gray's Inn Road, akajenga karakana, akawaajiri waashi, maseremala, wapiga lipu na mafundi wengine kwa ujira wa kudumu. Jambo hilo lilikuwa geni.

Lakini mtu akiajiri mafundi wengi kwa kudumu, hapana budi awe na kazi ya kuwapa siku zote. Ndiyo sababu Cubitt aliingia katika kujenga nyumba za kuuza: alitaka mikono ya watu wake isikae bure. Katika miaka ya 1824 na 1825 alipatana na ukoo wa Grosvenor juu ya ardhi ya Belgravia, ambayo wakati huo ilikuwa mashamba yenye maji na matope. Alichimba udongo wake akafyatua matofali palepale, na mashimo yakajazwa kwa udongo uliochimbwa St Katharine Docks, bandari iliyofunguliwa mwaka 1828. Njia na mifereji ya maji machafu aliitazama kwa uangalifu, maana alijua kwamba mnunuzi hununua na mtaa pia.

Wala hakutaka kubeba kila kitu peke yake kama wale ndugu wa Adelphi. Uwanja wa Belgrave Square, ambao ni mzuri kuliko yote pale, ulikuwa ni ubia halisi. Kundi la matajiri wa benki lililoongozwa na George Haldimand lilitoa fedha, George Basevi alisanifu, Cubitt alijenga, na ukoo wa Grosvenor ulibaki na ardhi. Kila mmoja alitia kile alichokiweza, na kila mmoja alihatarisha kiasi alichoweza kukipoteza bila kuangamia. Mwezi wa Desemba, 1825, benki nyingi za Uingereza zilifunga milango na wajenzi wengi walifilisika, lakini Cubitt alisalia. Aliendelea polepole kwa miaka thelathini, akajenga kadiri nyumba zilivyopata wenyewe, na kazi yake huko Pimlico ilikuwa bado haijakwisha alipofariki mwaka 1855.

Mwezi wa Agosti, 1854, karakana zake kubwa zilizokuwa ukingoni mwa mto Thames ziliteketea kwa moto. Mafundi wa siku hizo walikuwa na zana zao wenyewe, na zana hizo ziliteketea pamoja na karakana. Habari ilipomfikia Cubitt, agizo lake la kwanza lilikuwa kwamba watu waambiwe watarudi kazini kabla ya juma moja kupita, na kwamba yeye atatoa pauni 600 kusaidia kuwanunulia zana mpya. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini ni nani atakayenunua koleo jingine? Barbon aliwaachia wengine wanunue. Ndugu wa Adelphi walitamani kununua lakini hawakuwa nazo tena. Cubitt alikuwa ameweka akiba kwa siku kama hiyo.

Mwaka huohuo aliofariki Cubitt, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoruhusu makampuni kuwekewa mpaka wa madeni, yaani mwenye hisa apoteze kile alichotia katika kampuni tu, na nyumba yake isichukuliwe. Nchini Kenya ubia wenyewe umewekewa mpaka wa namna hiyo kwa sheria ya mwaka 2011. Sheria hizi zingaliweza kuliokoa shamba la John Adam na hofu. Hata hivyo, hasara haipotei kwa kuwekewa mpaka. Isipompata mbia, itampata mwashi ambaye hajalipwa, au mnunuzi aliyetanguliza fedha kwa nyumba ambayo haijajengwa.

Huenda wadhani mambo haya ni ya mbali. La, yako karibu nawe. Ile miaka 99 ya London ilisafiri na utawala wa Waingereza. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliruhusu ardhi katika nchi hii kukodishwa kwa miaka 99. Ile ya mwaka 1915 iliwaongezea walowezi wa mashamba hata kufikia miaka 999. Na Katiba ya mwaka 2010 imemrudisha asiye raia kwenye mpaka wa miaka 99. Huko Mombasa nako uko utaratibu wa zamani uitwao nyumba bila ardhi. Mwenye ardhi humpa mtu kiwanja kwa kodi, na mtu huyo hujenga nyumba kwa fedha zake mwenyewe. Ukiutazama utaona kwamba ni ndugu wa ule utaratibu wa Bloomsbury, ila umekosa kiungo kimoja: mara nyingi hauna miaka iliyotajwa. Mjenzi wa London alijua siku yake ya mwisho, akaweza kupiga hesabu. Mwenye nyumba bila ardhi aweza kukaa miaka arobaini, kisha kiwanja kikauzwa kwa mtu mwingine, naye akaambiwa aondoe nyumba yake. Nyumba ya mawe haiondoleki kama hema.

Siku moja, msomaji, huenda ukaalikwa nawe uingie katika shauri la kujenga: chama cha akiba, jamaa wa ukoo, au rafiki mwenye kiwanja atakuja na picha nzuri iliyochorwa kwa rangi. Picha usiidharau, lakini usianze nayo. Uliza kwanza hati ya ardhi iko kwa jina la nani, na ni ya miaka mingapi. Uliza fedha za kila mmoja zitawekwa wapi, na ni nani wawili au watatu wanaotia sahihi kabla hazijatolewa. Uliza mjenzi atalipwa kwa hatua zipi za kazi iliyokaguliwa, na mwuzaji atalipwa siku gani. Uliza mbia mmoja akifa au akitaka kujitoa, sehemu yake itahesabiwaje. Kisha uliza lile swali la mwisho, ukitazama uso wa mwenzio anapojibu: tukishindwa kuuza kwa miaka miwili, nani atawalipa mafundi? Akiwa na jibu lililoandikwa, mkae mlisome pamoja. Asipokuwa nalo, jua kwamba jibu liko, ila wewe hujaonyeshwa.